MBONA TUMEGAWANYIKA? Kwa nini Kanisa moja limekuwa madhehebu mengi

Masomo: Matendo 6:1-7, 1 Wakorintho 1:10-17, Yohana 17:20-23



Nawasalimu wote: wazee wetu, mama zetu, vijana na watoto wa Shule ya Jumapili, ninyi mlioko katika zoni zote za kambi hii, pamoja na wale waliohamia nchi za mbali ambao bado wanatumiwa barua yetu. Tunamshukuru Mungu aliyetulinda njiani na anayetulinda mpaka leo.

Katika toleo hili nataka tujibu swali moja linaloulizwa mara nyingi. Watoto wanatuuliza. Majirani zetu Waislamu nao wanatuuliza, tena kwa heshima. Swali lenyewe ni hili: ikiwa Yesu ni mmoja, kwa nini wafuasi wake wana madhehebu mengi namna hii? Ukitoka kwenye bomba la maji kwenda sokoni, unapita kwa Wakatoliki, kwa Waanglikana, kwa Wapentekoste wa majina manne au matano, kwa Waadventista wanaoabudu Jumamosi, kwa Wamethodisti na Walutheri, halafu unakuta nyumba ya udongo yenye kibao kipya ambacho mwezi uliopita hakikuwapo. Siku ya posho tunapanga mstari mmoja. Siku ya ibada kila mtu anashika njia yake.

Nina sababu ya pili ya kuandika, na si vema kuificha, kwa kuwa wengi wenu mnaijua. Katika ushirika wetu kuna familia zinazofikiri kutoka na kuanza kanisa lao. Malalamiko yao ni mawili. La kwanza, mahubiri yanatafsiriwa mara chache, hata bibi na babu wanaosikia Kirundi tu au Kibembe tu wanarudi nyumbani bila kushika kitu. La pili, wanasema nguo na sabuni zilizoletwa na marafiki wa kanisa hazikufika upande wao. Miti ya kujengea wameshakata na turubai wameshapata. Kabla hawajachimba mashimo, naomba tusome pamoja historia ya Kanisa, ili atakayeamua jambo aamue akijua.

1. KANISA LA KWANZA NALO LILIKUWA NA MANUNG'UNIKO

Wako wanaosema kwamba zamani Kanisa lilikuwa na amani tupu, na kwamba mgawanyiko uliletwa na Wazungu. Biblia haisemi hivyo. Soma Matendo sura ya 6. Kanisa la Yerusalemu lilikuwa bado changa. Ndani yake walikuwamo Wayahudi wenyeji, na walikuwamo wengine waliotoka nchi za mbali na kusema Kiyunani. Wajane wa hao wa Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku, yaani katika mgao wa chakula. Ndipo manung'uniko yakaanza.

Angalieni jambo hili, ndugu zangu. Manung'uniko ya kwanza ya kundi moja juu ya kundi lingine ndani ya Kanisa yalihusu mgao na lugha. Sisi tunaoishi kwa kadi ya mgao tunaweza kuielewa sura hii kuliko watu wengi.

Mitume walifanya nini? Hawakuwaambia wale wajane wanyamaze na kuvumilia. Wala hawakuwaambia waende kujenga kanisa la Kiyunani mtaa wa pili. Waliita mkutano wa waumini wote, wakataka wachaguliwe watu 7 wenye sifa njema. Tazama majina ya hao 7: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao. Yote ni majina ya Kiyunani. Maana yake ni kwamba kanisa lilitwaa kazi ya mgao likaiweka mikononi mwa watu wa upande uliolalamika. Matokeo yake yako mstari wa 7: Neno likaenea, na hesabu ya wanafunzi ikaongezeka sana.

Si kila mahali walipofaulu hivyo. Huko Korintho waumini waligawanyika kwa majina ya wahubiri: huyu wa Paulo, huyu wa Apolo, huyu wa Kefa. Paulo alipopata habari kutoka kwa watu wa Kloe hakufurahi hata kwa wale waliolitumia jina lake. Aliwauliza kama Kristo amekatwa vipande. Na katika Matendo 15 tunasoma kwamba Paulo mwenyewe na Barnaba walishindana juu ya kijana Yohana Marko hata wakaachana njia. Lakini usiishie hapo. Katika 2 Timotheo 4:11, Paulo akiwa kifungoni anaagiza aletewe huyo huyo Marko, kwa kuwa anamfaa kwa kazi. Waliachana, lakini hawakufunga mlango kwa kufuli.

2. MANENO JUU YA KRISTO

Wakristo walipoongezeka katika nchi nyingi, ulizuka ubishi kuhusu Yesu ni nani hasa. Padri mmoja wa Aleksandria, mji wa Misri, jina lake Ario, alifundisha kwamba Mwana aliumbwa, na hivyo si sawa na Baba. Mwaka 325 maaskofu walikutana Nikea wakakataa mafundisho hayo. Hili lilikuwa jambo la msingi. Kama Yesu ni kiumbe tu, hawezi kutuokoa.

Lakini ubishi uliofuata ulikuwa mgumu zaidi. Mwaka 451, katika mtaguso wa Kalkedonia, maaskofu walieleza kwamba Kristo ana asili mbili, ya Mungu na ya binadamu, katika nafsi moja. Wakristo wengi wa Misri, Siria na Armenia hawakukubali namna hiyo ya kusema, na Wakristo wa Ethiopia walisimama upande wao. Waliona kama Kristo anagawanywa. Pande zote mbili ziliamini kwamba Yesu ni Mungu kweli na mtu kweli. Maneno waliyoyatumia yalikuwa tofauti, lugha zao zilikuwa tofauti, na watu wa Misri na Siria hawakupenda kuamriwa na mfalme aliyekaa Konstantinopoli. Matengano hayo yapo mpaka leo. Lakini mwaka 1973 Papa Paulo wa 6 na Papa Shenouda wa 3 wa Wakopti wa Misri walitia sahihi tamko la pamoja wakikiri imani moja juu ya Kristo. Ilipita miaka zaidi ya 1,500 kabla ya watu kukaa chini na kuulizana, "Wewe ulikuwa na maana gani?"

3. MIJI MIWILI, LUGHA MBILI

Mgawanyiko mkubwa wa pili ulikuwa kati ya Roma na Konstantinopoli. Roma walisali Kilatini, Konstantinopoli walisali Kigiriki, na muda ulivyokwenda viongozi wengi hawakuweza tena kusoma barua za wenzao bila mkalimani. Walibishana kama mkate wa Ushirika Mtakatifu utiwe chachu au usitiwe. Walibishana juu ya neno lililoongezwa katika imani ya Nikea kuhusu Roho Mtakatifu kutoka kwa Baba na Mwana. Zaidi ya yote, walibishana juu ya mamlaka ya Papa wa Roma.

Mwaka 1054 mjumbe wa Roma, Kardinali Humbert, aliweka juu ya madhabahu ya kanisa kuu la Konstantinopoli barua ya kumtenga Patriaki, na Patriaki naye akawatenga wajumbe hao. Wengi walidhani ugomvi huo utapita. Lakini mwaka 1204 askari wa vita vya msalaba kutoka nchi za Kilatini waliuvamia mji huo wa Konstantinopoli, wakaua na kupora, hata vyombo vya makanisa wakavichukua. Hapo jeraha likawa donda. Hati za mwaka 1054 zilikuja kufutwa mwaka 1965 na Papa Paulo wa 6 pamoja na Patriaki Athenagoras, lakini makanisa hayo mawili bado hayajaungana.

Sisi tunajua jambo hili bila kufundishwa. Ubishi wa maneno unaweza kusuluhishwa na wazee. Damu ikishamwagika, maneno yaleyale yanakuwa mazito mara mia.

4. FEDHA NA DHAMIRI

Karne ya 16, Papa alihitaji fedha za kujenga kanisa la Mtakatifu Petro huko Roma, na katika Ujerumani hati za rehema zikauzwa kwa watu. Maskini waliambiwa kwamba fedha zao zitawafaa hata ndugu zao waliokufa. Mwaka 1517 Martin Luther, mtawa na mwalimu wa chuo cha Wittenberg, aliandika hoja 95 za kupinga jambo hilo. Nia yake ilikuwa kurekebisha kanisa lake, hakufikiri kuanzisha lingine. Lakini viongozi walijibu kwa kumwamuru akane, na mwaka 1521 akatengwa. Baadaye, mwaka 1567, Papa Pius wa 5 mwenyewe alipiga marufuku rehema za kulipiwa fedha. Kama wangemsikiliza mapema, huenda habari ingekuwa nyingine.

Na wale waliotoka, je, walibaki wamoja? Hapana. Mwaka 1529 Luther alikutana na Zwingli, mwanamatengenezo wa Uswisi, katika mji wa Marburg. Walikuwa na vipengele 15 vya imani. Walikubaliana 14 vyote. Kipengele cha 15 kilihusu Meza ya Bwana, na humo walishindwa jambo moja tu: jinsi mwili wa Kristo ulivyo katika mkate. Wakaachana kwa jambo hilo moja. Huko Zurich wengine walisema abatizwe mtu mzima anayeamini mwenyewe. Mwaka 1527 mmoja wao, Felix Manz, alizamishwa mtoni kwa hukumu ya mji uliokuwa umepokea matengenezo. Aliyeonewa jana, leo ameonea mwenzake. Na Uingereza mwaka 1534 mfalme Henry wa 8 alijitangaza mkuu wa kanisa la nchi yake baada ya Papa kukataa kuivunja ndoa yake.

Kwa hiyo ukiuliza, "Matengenezo yalitokana na nini?" jibu si moja. Palikuwa na dhamiri safi, palikuwa na fedha, palikuwa na tamaa za wafalme, vyote pamoja.

5. WALIOTAFUTA UAMSHO

Madhehebu mengine yalizaliwa kwa sababu watu walikuwa na kiu ya Mungu, na makanisa yao yalikuwa yamepoa. John Wesley alihubiri mashambani na kwa wachimba makaa ya mawe wa Uingereza. Alikufa mwaka 1791 akiwa bado kasisi wa Anglikana, lakini wafuasi wake wakawa Kanisa la Methodisti.

Sisi Wapentekoste tunapenda kukumbuka mwaka 1906, mtaa wa Azusa, Los Angeles. Kiongozi wa uamsho ule alikuwa William Seymour, mtu mweusi ambaye wazazi wake walikuwa watumwa. Katika nchi iliyowatenga watu kwa rangi, weusi na weupe walipiga magoti pamoja katika jengo la hali ya chini. Lakini tuseme ukweli wote. Miaka michache baadaye Wapentekoste wengi weupe walijitenga wakaunda vyama vyao. Roho aliwaunganisha, rangi ikawatenganisha. Kunena kwa lugha hakukuwazuia kukimbiana.

6. JINSI MADHEHEBU YALIVYOTUFIKIA

Wamisionari walipokuja Afrika walituletea Injili, na pamoja na Injili walikuja na ugomvi wa kwao. Babu zetu walipokea vyote viwili. Mtu hakuchagua dhehebu baada ya kupima mafundisho. Alikuwa wa dhehebu la misheni iliyokuwa karibu na kijiji chake, penye shule na zahanati.

Uganda inatufundisha kwa uchungu. Tarehe 3 Juni 1886 huko Namugongo vijana wa Kikatoliki na wa Kianglikana waliteketezwa kwa moto pamoja kwa amri ya Kabaka Mwanga. Moto haukuuliza nani ni wa Papa na nani ni wa Kanterbari. Haikupita hata miaka 6. Januari 1892 Wakristo wa pande hizo mbili walipigana vita kwa bunduki pale Mengo, upande mmoja ukiitwa Wafaransa na mwingine Waingereza. Walikuwa Waganda wote! Waliokufa pamoja kwa ajili ya Kristo waliacha ndugu waliouana kwa majina ya mataifa ya watu wengine.

Ninyi mliotoka Kivu mnajua habari ya namba. Mmoja atasema, "Mimi ni wa ya 5," yaani CELPA, na mwingine, "Mimi ni wa ya 8," yaani CEPAC. Wote ni Wapentekoste. Tofauti ilitoka wapi? Ya 5 ilitokana na misheni ya Norwe, na ya 8 ilitokana na misheni ya Uswidi. Namba zenyewe ni za Kanisa la Kristo katika Kongo, lililokusanya makanisa mengi ya Kiprotestanti mwaka 1970, kila misheni ikawa jumuiya yenye namba yake. Ndiyo kusema kuna familia zilizokatazana kuoana kwa sababu ya mpaka kati ya nchi mbili za Ulaya ambazo hawajaziona.

Wapo pia Waafrika walioanzisha makanisa kwa kuwa hawakupewa nafasi ya kusikika. Simon Kimbangu alihubiri Nkamba mwaka 1921 kwa miezi michache tu, serikali ya Wabelgiji ikamfunga, akafia gerezani Elisabethville mwaka 1951 baada ya miaka 30. Watu wake hawakuondoka duniani. Wakawa kanisa kubwa.

Lakini historia yetu ina habari njema pia. Hapa Afrika ya Mashariki palikuwa na Biblia ya Kiswahili cha Unguja ya mwaka 1891 na nyingine ya Kiswahili cha Mombasa ya mwaka 1914. Mwaka 1952 ikatoka Biblia ya muungano, ile tunayoisoma wengi wetu kila Jumapili. Na mwaka 1963 makanisa 7 ya Kilutheri ya Tanganyika, yaliyoanzishwa na misheni mbalimbali, yaliungana yakawa KKKT. Kuungana kunawezekana.

7. SABABU ZETU WENYEWE

Sasa tujitazame. Sisi hapa kambini hatugawanyiki kwa ajili ya Nikea wala Marburg. Hakuna kanisa lililopasuka hapa kwa sababu ya asili mbili za Kristo. Tunagawanyika kwa mambo haya.

Uongozi: mtu alikuwa mchungaji kule nyumbani, amefika hapa amekuta nafasi imejaa, hawezi kukaa kwenye benchi pamoja na wengine.

Msaada: wageni wamekuja na kamera, wameahidi mabati, na kila mmoja anataka kuwa yeye wa kuandikiwa barua.

Kabila na lugha: tulipokimbia, wengine mwaka 1972, wengine 1993, wengine 1996, wengine 2015, kila mmoja alibeba hofu yake. Hofu hiyo inaingia kanisani na kukaa nasi.

Unabii: mtu anasema ameoneshwa ndotoni kwamba waliobaki wamelaaniwa. Tuupime unabii kwa matunda yake.

Na kuna sababu ya uchovu. Mtu aliyepoteza nyumba, shamba na watoto hana nguvu ya kusamehe jambo dogo. Neno moja la mwenzake kwenye kwaya linamwangusha. Tusimhukumu haraka, lakini pia tusiite uchovu wetu kuwa ni sauti ya Mungu.

8. JE, KUTENGANA NI DHAMBI SIKU ZOTE?

Nitajibu waziwazi. Hapana. Ikiwa kanisa linamkana Kristo, ondoka. Ikiwa kiongozi anawadhulumu wasichana au watoto na wazee wanamficha, waambie wenye mamlaka, na kama kanisa linaendelea kumlinda, ondoka na watoto wako. Hapo aliyevunja umoja ni yule aliyefanya uovu. Dhamiri ya mtu mbele za Mungu haifungwi kwa kamba.

Tena, kuwa na majina mengi si lazima kuwe uadui. Katika Warumi 14 Paulo anawaruhusu waumini watofautiane juu ya vyakula na siku, mradi asiwepo anayemdharau mwenzake. Katika Luka 9:49-50 Yohana alitaka kumzuia mtu aliyetoa pepo kwa jina la Yesu kwa kuwa hakuwa wa kundi lao, na Bwana akamwambia asimzuie. Katika Galatia 2 Paulo alimkemea Petro uso kwa uso, tena mbele ya watu, na wote wawili wakabaki watumishi wa Bwana mmoja.

Lakini usiku ule wa mwisho, katika Yohana 17, Yesu aliwaombea watakaomwamini wawe na umoja, ili ulimwengu upate kuamini kwamba Baba ndiye aliyemtuma. Angalia alivyoufunga umoja wetu pamoja na ushuhuda wetu. Jirani yetu anayeuliza kwa nini tuko wengi anatupima kwa kipimo hichohicho alichokiweka Bwana. Watoto wetu nao wanatupima. Wameona watu wazima wakigawanyika nyumbani mpaka wakakimbia nchi. Wakituona tunagawanyika tena ndani ya nyumba ya Mungu, tutawafundisha nini kuhusu amani?

9. TUFANYE NINI?

Kwanza, juu ya shauri letu wenyewe. Wazee wa kanisa wamekubali kuitisha mkutano wa waumini wote Jumamosi ijayo saa 9 alasiri, chini ya mti wa Shule ya Jumapili. Mkutano utakuwa na wakalimani. Nitapendekeza mambo mawili kwa kufuata Matendo 6. Moja, kila Jumapili mahubiri na matangazo yatafsiriwe, na mama zetu wasiojua Kiswahili wawekwe mbele karibu na mkalimani. Pili, daftari la msaada na ufunguo wa stoo vishikwe na watu watakaochaguliwa kutoka kwa familia zilizolalamika. Nawasihi hao ndugu waje na kusema yote. Na ninyi wengine nawasihi msikilize bila kukatiza. Ile miti na turubai bado vina kazi: darasa la watoto halina paa.

Ikiwa baada ya kusikilizana bado wataona vema kwenda, tutawaombea na kuwaaga kama ndugu. Hakuna mtu wa kanisa hili atakayewaita wapotevu, wala kuwanyima jembe la kuchimbia kaburi.

Pili, juu ya madhehebu mengine, kila familia inaweza kuanza na haya:

- Msiba wa jirani ni msiba wetu. Twende na kuni, maji na maombi bila kuuliza marehemu alibatizwa wapi.
- Tusihubiri dhidi ya kanisa jingine kwa kipaza sauti.
- Tusiwavute waumini wa wenzetu kwa ahadi ya msaada.
- Kijana wetu akipenda kuoa binti wa dhehebu jingine, wazazi wa pande mbili wakutane kwanza, wasianze kwa kufukuzana.
- Tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi Duniani, wachungaji tuwaalikane, tuombe pamoja kwa ajili ya nchi zetu.

Wapendwa, hatutamaliza sisi ugomvi wa mwaka 451 wala wa 1054. Hatukupewa kazi hiyo. Tumepewa kazi ya Jumamosi ijayo. Katika Waefeso 4 Paulo anatuambia tufanye bidii kuulinda umoja wa Roho. Hatuambiwi tuutengeneze. Upo tayari, kwa kuwa Bwana tuliye naye ni mmoja. Tunachoweza ni kuulinda, au kuuvunja.

MASWALI YA VIKUNDI VYA NYUMBANI

1. Katika Matendo 6, kwa nini mitume hawakuanzisha kanisa la pili kwa watu wa Kiyunani?
2. Dhehebu lako lilifikaje kijijini kwenu? Waulizeni wazee.
3. Ni nani katika ushirika wetu ambaye hasikiki kwa sababu ya lugha, uzee au umaskini?
4. Kuna mtu wa kanisa jingine hapa kambini aliyekusaidia siku ya shida? Wasimulie wenzako.

TUOMBE

Baba wa mbinguni, ulituona tukiwa njiani usiku na ukatuvusha. Tunakushukuru kwa watumishi wote waliotuletea Injili, kila mmoja na jina la kanisa lake. Tusamehe palipo na dharau na wivu kati yetu. Uwafungue masikio wazee wetu na vijana wetu siku ya mkutano. Wafariji wajane wasiosikia lugha yetu. Utupe haki katika mgao na upendo katika maneno, ili jirani zetu wamwone Kristo mmoja. Kwa jina la Yesu Bwana wetu. Amina.

Neema na amani ziwe kwenu nyote. Tuonane Jumamosi.

Mchungaji wenu